Anayepika Ndiye Anayelaumiwa

Neno konzo sikulikuta Mabwerebwere. Nililikuta maktaba, usiku, nikitafuta kitu kingine kabisa: ushahidi kwamba mke wa mjomba wangu hakumuua mumewe.

Konzo ni neno la Kiyaka, lugha ya kusini magharibi mwa Kongo. Maana yake ni miguu iliyofungwa, na anayeupata ugonjwa huo huona ukweli wa jina. Analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, magoti yanagongana, visigino havitaki kugusa ardhi. Wengine hukutwa na hali hiyo wakiwa safarini au wakiinuka kutoka kwenye kazi ngumu. Konzo haisambai mwilini siku zinavyokwenda. Inafunga miguu ghafla, basi, na miguu hiyo haifunguki tena. Chanzo chake ni muhogo mchungu usioandaliwa vizuri.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo niliyokuwa nikiiogopa.

Mjomba aliumwa miaka miwili na nusu, na katika muda huo ugonjwa wake ulipewa majina manne. Kwanza ulikuwa uchovu wa jembe. Kisha ukawa kiharusi kidogo. Kisha, kwa sauti ya chini, ukawa kurogwa. Jina la nne ndilo lililokuwa la kweli, na lilitoka kwa daktari bingwa wa neva, mbali na nyumbani: ugonjwa wa neva za mwendo, ule ule aliokuwa nao mwanafizikia Stephen Hawking. Lilipofika kijijini hakuna aliyejua alifanyie nini.

Ulianzia kwenye dole gumba la mkono wa kulia. Mpini wa jembe ukawa unamteleza, baadaye kikombe. Nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada ikanywea mpaka pakabaki shimo. Akivua shati uliona misuli ya bega ikichezacheza chini ya ngozi. Ikafuata miguu, ukafuata ulimi. Akili yake haikuguswa. Mpaka wiki ya mwisho alijua tunachosema chumba cha pili kuhusu yeye, na nadhani alijua pia kilichokuwa kikisemwa kuhusu mke wake.

Kwetu Wasagara ukoo hufuata upande wa mama. Mjomba ni wetu, watoto wa dada zake ni wake, na mkewe, hata akikaa miaka ishirini na mitano, ni mtu wa ukoo mwingine. Yeye ndiye aliyempikia. Na yeye ndiye mwenye shamba la muhogo mchungu, kwa sababu ile ile inayowafanya wengi walime muhogo mchungu: nguruwe pori na ngedere wakionja hawarudi. Kila mtu Mabwerebwere anajua kuwa muhogo ule una sumu. Huhitaji shahada kuunganisha mambo hayo. Msibani niliyasikia yakiunganishwa jikoni, na wanawake waliokuwa wakisonga ugali wa wazikaji, naye akiwa ndani amekaa juu ya mkeka, amefunikwa kanga.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya biokemia. Kazi yangu ya kila siku ilikuwa vimeng'enya. Nikarudi chuoni na swali moja: je, muhogo unaweza kuharibu neva za mwendo? Jibu likawa ndiyo. Kwa hiyo ilinibidi nisome mpaka mwisho, maana jibu lile lilivyokaa, lingetosha kumfukuza mtu nyumbani kwake.

*

Sekondari tulifundishwa kimeng'enya kwa mfano wa kufuli na ufunguo. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko fulani la kikemia, na kila kimoja hufungua kufuli lake. Ni mfano mzuri, ila ningeongeza jambo moja: ufunguo hauna nia. Haujui mlango ni wa nani, wala haujui kama anayeingia ni mwenye nyumba au mwizi.

Nilianza na ugonjwa wa mjomba mwenyewe. Mwaka 1993 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya familia zinazorithi ugonjwa huu zina kasoro kwenye jini linaloitwa SOD1. Jini hilo hubeba maelekezo ya kutengeneza superoksidi dismutasi, kimeng'enya chenye shaba na zinki ndani yake. Kazi yake ni ya usafi. Seli inapotumia oksijeni hutoa masalia makali yanayoitwa superoksidi, na kimeng'enya hiki huyageuza kuwa oksijeni na haidrojeni peroksidi, ambayo seli ina njia nyingine za kuimaliza.

Maelezo ya kwanza yaliyokuja vichwani mwa wengi yalikuwa rahisi: mfagizi amegoma, takataka zimejaa, neva zimekufa. Mwaka uliofuata panya wa maabara wakayavuruga maelezo hayo. Panya waliopandikizwa jini la binadamu lenye kasoro waliugua na kupooza, ingawa kimeng'enya chao wenyewe kilikuwa kikifanya kazi kama kawaida. Kumbe shida haikuwa kazi isiyofanyika. Protini yenye kasoro ilikuwa inajikunja vibaya, inashikana mabonge, inageuka kuwa sumu ndani ya seli za neva. Mfagizi alikuwa akifagia muda wote aliolaumiwa.

Ilichukua karibu miaka thelathini kutoka hapo hadi kwenye dawa. Aprili 2023 Marekani iliidhinisha tofersen, ambayo hudungwa kwenye maji ya uti wa mgongo kila mwezi ili kupunguza utengenezaji wa protini hiyo. Inawahusu wenye kasoro ya SOD1 peke yao, takriban wagonjwa wawili katika kila mia. Kwa waliobaki, wakiwemo wengi ambao hakuna hata ndugu mmoja aliyewahi kuumwa hivyo, dawa ya namna hiyo haijapatikana.

Niliifunga makala ile nikiwa na huzuni, lakini pia nikiwa na tahadhari. Kama wanasayansi wenye maabara walianza kwa kumshuku mfagizi, basi wale kina mama wa jikoni hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefanya kile ambacho kila mtu hufanya akiona madhara: kumtazama aliyekuwa karibu.

*

Muhogo wenyewe una hadithi ya vimeng'enya viwili, kimoja kiko kwenye mzizi na kingine kiko ndani yetu.

Ndani ya mzizi wa muhogo kuna kitu kinachoitwa linamarini. Ni sukari iliyofungamana na sianidi, na ikikaa hivyo ilivyo haimdhuru mtu sana. Imehifadhiwa kwenye vyumba vya ndani vya seli. Kimeng'enya kinachoweza kuivunja, linamarasi, kimewekwa mbali nayo, kwenye kuta za seli. Mzizi ukiwa mzima, ufunguo na kufuli havikutani. Nguruwe akitafuna, kuta zinapasuka, vinakutana, na sianidi inatoka. Ndiyo ulinzi wa shamba.

Ajabu ni kwamba kinachomfukuza nguruwe ndicho kinachomwokoa binadamu. Ukimenya, ukaloweka, ukatwanga, ukavundika, kazi unayofanya ni kuvunja kuta ili kimeng'enya kiimalize linamarini kabla haijafika mdomoni. Sianidi ya haidrojeni huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, na mchana wa Kilosa unapita hapo bila kujitahidi. Inapaa na kwenda zake. Kisamvu nacho ni hivyo hivyo: kinu na mchi vinalainisha majani, lakini pia vinakikutanisha kimeng'enya na kufuli lake.

Kwa hiyo kuuchemsha tu muhogo mchungu mzima hakutoshi. Joto linakiua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, linamarini inabaki, na bakteria walioko tumboni wanaweza kuivunja huko huko ndani. Kuanika haraka nako kuna hatari yake, maana kimeng'enya kinahitaji maji, na kipande kikikauka upesi kazi husimama katikati. Kimeng'enya hiki kinataka vitu vitatu: kuta zilizovunjika, maji na muda.

Bibi yangu, mama yake mjomba, hajawahi kulisikia neno linamarasi. Kanuni yake ni siku tatu majini, "na siku ya kuloweka haihesabiwi." Utafiti unamuunga mkono: kuloweka siku tatu huondoa sehemu kubwa sana ya sumu. Mke wa mjomba alijifunza kanuni hiyo kwa bibi mwenyewe, alipoolewa. Hakuna aliyelikumbuka hilo pale jikoni.

Kimeng'enya cha pili kiko mwilini mwetu, hasa kwenye ini. Kinaitwa rodanesi, na kilielezwa na Mjerumani Konrad Lang mwaka 1933. Sianidi kidogo ikiingia mwilini, rodanesi huiunganisha na salfa na kuigeuza kuwa thiosianati, ambayo hutoka kwa mkojo. Ni kimeng'enya hodari, ila hakitengenezi salfa. Salfa inatoka kwenye protini tunayokula: samaki, nyama, mayai, maziwa na jamii ya kunde. Mtu anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa anakipa kimeng'enya chake silaha. Anayekula ugali huo huo kwa chumvi, leo, kesho, mwezi mzima, anakiacha kikiwa na mikono mitupu.

Konzo hutokea pale vimeng'enya vyote viwili vinapokwamishwa kwa wakati mmoja. Cha muhogo kimenyimwa muda, cha ini kimenyimwa mboga. Namna hasa sumu inavyozichagua neva za juu za mwendo, zile zinazotoka kwenye ubongo kuja kuamrisha miguu, watafiti bado wanaijadili. Mazingira yenyewe hayana ubishi.

*

Ukiyafuatilia mazingira hayo kwenye ramani, unakuta sura ile ile. Daktari Mwitaliano Giovanni Trolli aliuandika ugonjwa huu mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo. Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, wengi wao wanawake na watoto. Huko waliuita mantakassa. Mwaka 1985 ukame ukaleta mlipuko Tarime, mkoani Mara. Makala ya jarida la Brain ya mwaka 1990, iliyoandikwa na William Howlett, George Brubaker, Nicholas Mlingi na Hans Rosling, ndiyo iliyouingiza ugonjwa wa Tarime kwenye vitabu vya neva kwa jina la konzo. Kati ya mwaka 2001 na 2003 ukatokea tena Mtwara na Mbinga, zaidi ya wagonjwa 200.

Ukame unafanya mambo mawili kwa pamoja. Mzizi unaokosa maji hutengeneza sumu nyingi zaidi, na mama mwenye watoto wanaolia hana siku tatu za kusubiri. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Nilidhani ni msemo wa maadili, kumbe unaweza pia kuusoma kama taarifa ya biokemia: siku tatu za majini ni mwiko, na njaa inauvunja.

Lakini kisa kilichonikaa zaidi hakina ukame. Ni cha Bandundu, Kongo, ambako watafiti akiwemo Thorkild Tylleskär waligundua kuwa konzo iliongezeka baada ya barabara nzuri kwenda Kinshasa kufunguliwa. Muhogo ukapata soko. Magari hayasubiri, bei haisubiri, na wanawake wakapunguza siku za kuloweka. Barabara ilileta pesa ya ada na ya sabuni, na malipo yake yakakatwa kwenye siku za majini. Wilayani Kilosa nimekua nikisikia watu wakiombea barabara, nami nimeiombea. Sijaacha. Ila sasa najua barabara nayo ina bei ambayo haiandikwi kwenye bango la mkandarasi.

Na kila mahali, aliyeandaa chakula ni mwanamke. Ukiandika kwamba chanzo ni "uandaaji duni wa muhogo", umeandika ukweli, lakini msomaji wa haraka ataona mikono ya mtu fulani. Hataona mvua iliyogoma. Hataona dagaa waliopanda bei.

*

Siku ya kumaliza matanga niliomba kusema. Mjomba mkubwa, kaka yake marehemu, ndiye aliyekuwa anaongoza kikao.

"Shikamooni wazee wangu," nikaanza, na nikaeleza kwa mpangilio. Shirika la Afya Duniani liliweka vigezo vitatu vya konzo mwaka 1996. Miguu yote miwili ikakamae kwa usawa wakati wa kutembea. Ugonjwa uanze ndani ya wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima, kisha usiendelee. Na magoti au vifundo viruke kupita kiasi vikigongwa na kinyundo cha daktari, bila ugonjwa wa uti wa mgongo. Mjomba alianza na dole gumba moja, si miguu miwili. Hakuanza kwa wiki, na hakuna siku ambayo ugonjwa wake ulisimama. Nyama yake ilinywea, na ulimi ukafuata. Ule haukuwa ugonjwa wa muhogo.

Nikamalizia na lile ambalo halikuhitaji daktari. Konzo huwakamata zaidi watoto wa kuanzia miaka mitatu na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Wanaume wazima huwa wa mwisho. Chungu cha nyumba ile kilikuwa kimoja. Kama ni muhogo, tungeanza kumbeba yeye na watoto wake.

Palikuwa kimya. Mjomba mkubwa akakuna kidevu.

"Mpwa wangu, umesema vizuri. Umesema kidole, umesema miguu. Sasa ni nani?"

"Hakuna nani, mjomba. Kuna nini tu."

"Mh," akasema. "'Nini' haiitwi kikaoni."

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko somo lolote nililofaulu mwaka ule. Alikuwa na haki. Kikao cha ukoo kimetengenezwa kwa ajili ya "nani": kumwita, kumuuliza, kumtoza faini, kupatana naye. Protini iliyojikunja vibaya haina kiti cha kukalia pale. Hata hivyo kikao kiliisha bila jina la mtu kutajwa, na siku ile nililiona hilo kuwa ushindi. Jioni bibi alikula kwa mkwe wake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi mingi. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

*

Utafiti wangu sasa ni wa unga wa muhogo. Watu huniuliza kwa nini nisifanye ugonjwa uliomuua mjomba, na huwa najibu kwamba niko kwenye neva zile zile, ila upande ambao kitu kinaweza kufanyika kwa beseni na mkeka.

Beseni na mkeka nazungumzia kweli. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia aligundua kwamba unga mkavu bado una linamarini na bado una kimeng'enya hai, vinasubiri maji tu. Unaumwagia unga maji, unauchanganya mpaka ulowe, unautandaza tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, unauacha saa mbili juani au saa tano kivulini. Kimeng'enya kinaamka, kinamaliza kazi iliyokatizwa, gesi inapaa. Unasonga ugali siku hiyo hiyo. Njia hiyo ilijaribiwa vijijini Kongo, eneo la Popokabaka, pamoja na kina mama wenyewe, na ikaendelea kutumika. Kiwango cha kimataifa kwa unga ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo moja, na kulowesha hivi huivuta sumu chini kuelekea huko mara kadhaa.

Nilipomweleza mke wa mjomba, hakuuliza kuhusu kimeng'enya. Aliuliza, "Hizo saa mbili nizitoe wapi, mwanangu?" Ni swali ambalo sijalikuta kwenye makala yoyote niliyosoma. Aliyatafuta majibu mwenyewe: anautandaza unga kabla ya kwenda kuchota maji na kuni, maana saa hizo mbili zilikuwa zinamtoka kila siku hata hivyo. Akirudi uko tayari. Nimeuandika mpangilio wake kwenye daftari la utafiti, kwa sababu ni bora kuliko wangu.

Hiyo ni nusu. Kimeng'enya cha muhogo tumekipatia muda wake. Cha ini bado kinadai salfa, na salfa haitandazwi kwenye mkeka. Inanunuliwa gulioni kwa kopo, au inatoka kwenye kunde ambazo zinataka mvua kama sisi. Mwezi wa pili na wa tatu, mahindi yakiwa bado shambani, wanawake wa Mabwerebwere hushika kopo la dagaa, wakauliza bei, wakarudisha. Ukitaka kujua kama konzo itakaa mbali na kijiji, mahali pa kuangalia ni hapo kwenye meza ya dagaa, kabla ya kwenda kuchungulia jikoni kwa mtu.